Raba za vioo vya mlango wa Kombi: kagua chuma kabla ya mpira

Seti yangu ya kwanza ya raba za vioo vya mlango niliifunga kwa siku mbili, kwa uangalifu wote nilionao, katika Kombi, lile basi dogo la Volkswagen, ya mwaka 1974 iliyogeuzwa kuwa gari la kulala. Haikumaliza misimu miwili ya mvua kabla kioo cha upande wa dereva hakijakwama nusu njia. Nilipotoa mkono wa kuzungushia, nikabandua ubao wa ndani na karatasi ya plastiki iliyo nyuma yake, nilikuta reli ya kioo, yaani mfereji wa mpira wenye mahameli ambamo kioo hupanda na kushuka, imevimba kama mbao iliyolowa. Mpira wake ulikuwa mzima, mweusi na laini vilevile kama siku niliyoununua. Kilichooza ni ukanda wa chuma uliofichwa ndani ya mpira huo: ulikuwa umeota kutu, kutu ikajaza nafasi, ikayasukuma mahameli hadi yakakibana kioo pande zote mbili. Klipu moja ya kifutio cha nje, yaani mdomo wa mpira unaokiegemea kioo, nayo ilikuwa imechomoza kupitia mpira na kuchora juu ya kioo mistari minne ya wima ambayo hakuna dawa ya kung'arisha iliyoweza kuiondoa.

Ninaandika kuhusu Kombi za kizazi cha pili, zilizoundwa Ujerumani kuanzia mwaka 1967 hadi 1979 na kuendelea kuundwa Brazili hadi mwaka 2013, kwa sababu ndizo zilizoleta kioo cha kuzungusha kwa mkono katika milango ya mbele. Milango ya kizazi cha kwanza ilikuwa na vioo vya kusukuma kando, na raba zake ni habari nyingine kabisa.

Kwa mlango mmoja unahitaji vitu vitano. Kuna kifutio cha nje na kifutio cha ndani, vinavyokiegemea kioo pale kinapozama mlangoni. Kuna reli ya kioo. Kuna raba ya kidirisha cha pembetatu kilicho mbele. Mwisho kuna raba kubwa inayozunguka mlango mzima. Wanunuzi wengi huushika mpira kwa vidole, huunusa, huuvuta kidogo, kisha hulipa. Nami nilifanya hivyohivyo, na ndiyo sababu ninawasihi wenzangu waanze kwa kukagua chuma.

Wengi hudhani kwamba kazi ya kifutio cha nje ni kuzuia maji yasiingie mlangoni. Hakuna kifutio kiwezacho kuyazuia yote. Mvua ikipiga kioo, sehemu ya maji hupita kwenye mdomo wa mpira, hutiririka juu ya uso wa kioo ndani ya mlango, kisha hutokea kwenye matundu yaliyo chini kabisa ya bati. Mlango uliundwa ukijua kwamba utalowa. Kwa hiyo klipu za kifutio na ukanda ulio ndani ya reli huishi katika unyevu kila mvua inaponyesha, na hubaki hivyo kwa muda mrefu baada ya bati la nje kukauka, kwa kuwa mahameli hushika maji kama kitambaa. Ukiweka chuma cha kawaida mahali pa namna hiyo, tena kilichokatwa bila kupakwa rangi kwenye ncha zake, kutu ni suala la muda tu. Kutu hiyo haikai katika raba peke yake. Huhamia kwenye ukingo wa bati ambako klipu zimeng'ang'ania, na bati la mlango likishaliwa hapo, ubora wa raba hausaidii tena.

Chukua sumaku ndogo na uipitishe juu ya kifutio na reli kabla ya kulipa. Ikinasa kwa nguvu, ndani kuna chuma cha kawaida. Isiponasa, au ikivutwa kidogo sana, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni chuma kisichoshika kutu au alumini. Mvuto hafifu usikutie hofu, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kikikunjwa kiwandani huweza kupata usumaku mdogo. Kisha itazame ncha iliyokatwa. Ncha inayong'aa kwa weupe wa chuma kitupu ndipo kutu itakapoanzia, na ukiona vumbi la rangi ya kahawia likiwa bado dukani, rudisha. Ukikubali chuma cha kawaida kwa kukosa njia nyingine, paka kila ncha rangi ya kuzuia kutu, ipake mara mbili, na uiache ikauke kabla ya kuifunga.

Sasa nieleze ninavyozipanga raba hizi kwa ubora, kulingana na zinakotoka.

Nafasi ya kwanza ninawapa Volkswagen Classic Parts, kitengo cha Volkswagen yenyewe kinachoshughulikia vipuri vya magari yaliyoacha kuundwa, na sifichi kwamba ninawapendelea. Sababu yangu kubwa ni namba. Kipuri chao hubeba namba ya asili, na namba za Kombi ya kizazi hiki mara nyingi huanza na 211. Aidha, katika utaratibu wa Volkswagen, vipuri vya pande mbili vinapotofautiana, namba yenye mwisho usiogawanyika kwa mbili huwa ya kushoto na ile inayogawanyika huwa ya kulia. Hili linaonekana dogo mpaka siku uliyosimama na kifutio mkononi ambacho pindo lake linatazama upande usiofaa. Mwenye namba hana haja ya kubishana na muuzaji, na muuzaji hawezi kumpa kitu "kinachofanana." Kasoro yao ni kwamba si kila kipuri kinapatikana kila wakati, na usipokiona kwenye orodha yao huna budi kushuka ngazi moja.

Ngazi hiyo ya pili ni ya watengenezaji waliobobea katika Volkswagen za zamani. Hapo chaguo langu ni West Coast Metric ya California, hasa kwa raba kubwa ya mlango. Ile niliyoifunga mlango wa abiria ilikaa kwenye kona zote bila kukatwa wala kuvutwa, na kona ndizo zinazomuumbua mtengenezaji. Katika raba ya mlango, kona inayofaa hufinyangwa kwa umbo lake tangu kiwandani. Kona iliyotokana na ukanda mnyoofu kukunjwa hujikunyata upande wa ndani, na maji hupita katika makunyanzi hayo hadi kwenye sakafu. Uliza pia kama mpira ni wa aina ya EPDM, yaani mpira wa sintetiki ambao hustahimili jua na gesi ya ozoni iliyo hewani kuliko mpira asilia. Ukiupata, usiupake grisi wala mafuta ya petroli, maana huuvimbisha, tumia silikoni.

Raba za zamani zilizokaa katika vifungashio vyake vya asili tangu miaka ya 1970 ninaziweka nafasi ya tatu, na ninajua wapo watakaokasirika. Lebo ya zamani huvutia moyo, lakini mpira asilia huzeeka hata ukiwa ndani ya mfuko. Ukunje kidole kwa kidole mbele ya muuzaji: ikitokea mipasuko myembamba kama nywele upande wa nje wa mkunjo, umeshakufa. Ninazinunua tu kwa ajili ya mapambo ya chuma yanayong'aa, na hayo ni kwa mtu anayerejesha gari katika hali yake ya awali.

Seti za bei ya chini kabisa zisizo na jina la mtengenezaji zinafaa kwa raba ya kidirisha cha pembetatu, kama umbo lake ni sahihi. Kwa kitu chochote chenye chuma ndani, ziacheni.

Kabla ya kuagiza, fanya vipimo viwili. Mimina maji kidogo kidogo kwenye mwanya wa kioo na utazame kama yanatoka chini ya mlango. Yasipotoka, matundu yameziba kwa udongo na vipande vya raba ya zamani, na raba mpya haitakuwa na kosa lolote mlango ukioza. Cha pili, funga mlango juu ya kipande cha karatasi mahali mbalimbali na ukivute. Kikitoka kwa urahisi sehemu moja tu, yawezekana bawaba zimeshuka, na huenda unachohitaji ni kurekebisha mlango na si kununua raba nene zaidi. Raba kubwa ikiwa mpya, mlango utagoma kufungika kwa siku kadhaa. Hilo ni la kawaida. Uache umefungwa usiku na mchana hadi mpira ulale, na usikubali fundi aupige kwa nguvu hadi kitasa kipinde.

Wauzaji wamenichosha kwa jambo moja. Seti iliyonikwamisha iliuzwa kwa maelezo kwamba ni "ya kiwango cha asili," na bei yake ilikuwa karibu sawa na ya zile zinazotaja mtengenezaji. Baadaye niliona picha ileile, yenye kivuli kilekile na mkwaruzo uleule pembeni, ikitumiwa na wauzaji watatu kwa bei tatu tofauti. Nilipomwandikia muuzaji wangu kuuliza chuma cha ndani ni cha aina gani, alinijibu kwamba mpira ni imara sana. Nilirudia swali, nikasisitiza kwamba ninauliza chuma, akanijibu kwamba hajapata malalamiko mengine. Mtu anayeuza kitu chenye chuma na mpira anapaswa kujua vyote viwili, na mnunuzi anayelipa bei ya kipuri kizuri ana haki ya kujibiwa.

Siku hizi ninaomba picha ya ncha iliyokatwa, iliyopigwa kwa karibu kwenye mwanga wa jua, sumaku ikiwa kando ya reli. Wauzaji wazuri huituma siku hiyohiyo. Asiyeituma simpi oda, hata kama ndiye peke yake mwenye upande wa kushoto.