Tahadhari: "Dlya golosa" ya 1923 inayouzwa hapa Mombasa si ya 1923

Wapenda vitabu wenzangu wa Mombasa na pwani nzima, kuna mtu anazunguka na kitabu anachodai ni toleo la kwanza la "Dlya golosa" (yaani "Kwa Sauti"), mashairi ya mshairi wa Kirusi Vladimir Mayakovsky ambayo kurasa zake zilipangwa na msanii na mbunifu wa Kirusi El Lissitzky, Berlin, 1923. Si toleo la kwanza. Ni nakala ya kuiga iliyochapwa kwa ofseti miongo mingi baadaye, kisha ikapakwa chai, ikagongwa mhuri wa kubuni na kutiwa sahihi za uongo. Kitabu chenyewe nimekishika kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo nimezungumza na watu waliokwisha kumtumia pesa, na wengi wao ni vijana: wanafunzi wa usanifu, wabunifu wa mabango na majalada, watu waliomjua Lissitzky kupitia simu zao, wakampenda, wakajinyima ili wamiliki kitabu kimoja tu cha wakati wake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wakusanyaji wa vitabu vya namna hii ni wachache mjini hapa, na huyu bwana anawavunja moyo kabla hawajaanza.

Jina lake siliandiki kwa sababu kila aliyekutana naye amepewa jina tofauti, na namba za simu nazo hubadilika. Mwendo wake ndio haubadiliki.

Huanza kwa kutuma picha kwenye WhatsApp. Picha ni safi mno, kitabu kimelazwa juu ya kitambaa cha kijivu, mwanga umetulia. Zimechukuliwa kutoka matangazo ya minada ya ng'ambo, na ukizikuza utaona zimekatwa kingo pale palipokuwa na namba ya mnada. Mwombe apige picha nyingine ya ukurasa ule ule huku ameweka sarafu ya shilingi 10 pembeni, na utasikia kwamba kamera imeharibika, au kitabu kimefungiwa benki. Ukimbana sana ndipo anapokubali mkutane, na kitabu atakachokuja nacho si kile cha kwenye picha.

Kisha inafuata hadithi ya kilikotoka. Mmoja ameambiwa kilikuwa cha mzee wa Kijerumani aliyefia Mtwapa bila mrithi. Mwingine ameambiwa kiliwekwa rehani na baharia Mrusi aliyeshuka Kilindini miaka ya sitini. Wa tatu, kimetoka kwenye kabati la familia moja ya Ganjoni iliyohamia Uingereza. Kila hadithi ukiisikia peke yake inaingia akilini, maana Mombasa imepokea watu wa kila bahari na vitu vya ajabu vimebaki humu kweli. Lakini kitabu ni kimoja: kina kona ile ile iliyokunjika na doa lile lile kwenye ukurasa wa pili. Tulipolinganisha picha za watu watatu hatukuwa na shaka tena.

Mahali pa kukutana huwa Mji wa Kale, jioni, ndani ya hoteli yenye taa hafifu. Kitabu kimezungushiwa nailoni, na kabla hajakifungua anakupa glavu nyeupe za pamba. "Ndugu yangu, mafuta ya vidole yanaua karatasi ya zamani." Anasema kwa heshima, kwa upole, na wewe unaona huyu ni mtu anayejali. Glavu hizo ndizo zinazombebea mchezo wake wote. Maktaba kubwa kama British Library huwaambia wasomaji washike vitabu vya karatasi kwa mikono iliyooshwa ikakaushwa, kwa sababu mkono uliovaa glavu hauusikii ukurasa na hurahisisha kuuchana. Kitu ambacho huyu bwana hataki ukisikie ndicho kinachokitambulisha kitabu hiki kuliko kitu kingine chochote.

Nilifanya kazi kwenye matbaa enzi za herufi za madini ya risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono, kwa hiyo hapa nitakawia kidogo.

Lissitzky alisomea usanifu wa majengo Darmstadt, na kitabu hiki alikijenga kama mtu wa majengo. Picha zake karibu zote zimeundwa kwa vitu vilivyokuwa tayari kwenye masanduku ya mpangaji herufi: herufi kubwa na ndogo, mistari minene na myembamba, vipande vya mapambo, vikapigwa chapa kwa wino mweusi na mwekundu. Alichora mpango wa kila ukurasa, na mafundi wa Kijerumani wasiojua Kirusi wakaupanga kama walivyouona. Mashairi ni 13, na pembeni mwa kurasa kuna vikato vilivyoshuka kwa ngazi, kama daftari la namba za simu, kila kikato na alama ya shairi lake, ili anayesoma kwa sauti mbele za watu alifikie analolitaka bila kupekua. Kwa kazi ya chuma na risasi hii ni hatari na ni nzuri sana. Kila mara ninapoutazama mstari mwekundu uliolala mshazari huwafikiria wale mafundi: mstari kama huo lazima uubane pande zote kwa vipande vya mbao na risasi, la sivyo unateleza mashine inapopiga.

Basi, chapa ya namna hiyo huacha alama. Herufi ya chuma hugandamiza karatasi. Chukua kitabu cha risiti cha duka lolote la Biashara Street, kile chenye namba nyekundu zinazopanda moja moja, upapase karatasi kwa nyuma palipo na namba. Utaisikia imeinuka. Namba hizo bado hupigwa kwa chuma. "Dlya golosa" ya kweli inasikika hivyo, hasa kwenye mistari minene na herufi kubwa. Ofseti haigandamizi kitu. Wino hutoka kwenye roli lililovikwa mpira na kulala juu ya karatasi, na nyuma ni laini. Washa tochi ya simu, uilaze karibu sawa na ukurasa ili mwanga upite juu juu, na mabonde ya chapa ya chuma yatajionyesha. Cha huyu bwana nilikipapasa bila glavu, yeye akilalamika, na kila ukurasa ulikuwa laini.

Beba pia ile lenzi ndogo ya mafundi saa. Ukiitazama herufi iliyopigwa kwa chuma, wino umesukumwa kuelekea kingoni, kwa hiyo kuna ukanda mwembamba uliokoza kuzunguka umbo lake. Kwenye nakala ya kuiga ukingo ni sawa na katikati, na palipo na kivuli au rangi iliyopigwa picha utaona nukta nukta zilizojipanga. Nilipoitazama karatasi ya kitabu chake penye madoa ya uzee, madoa yenyewe yalikuwa na nukta. Maana yake ni kwamba uzee ule ulipigwa picha kutoka nakala nyingine ukachapwa pamoja na maneno.

Kuna taa pia, ile ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia. Nyingi ya karatasi nyeupe zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hutiwa dawa ya kuzing'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka samawati. Karatasi ya 1923 haina dawa hiyo. Ukurasa ukiwaka, mazungumzo yamekwisha. Usipowaka bado hujathibitisha kitu, kwa sababu karatasi isiyo na dawa inapatikana hata leo, kwa hiyo rudi kwenye vidole na lenzi.

Chai aliyopaka ni rahisi kuijua. Karatasi inayozeeka hubadilika kuanzia kingoni kuingia ndani, kwa sababu hewa huingilia huko. Yake imekuwa kahawia sawasawa kila mahali, imejikunja kama iliyoloweshwa, na karibu na mshono imebaki nyeupe kwa kuwa sponji haikufika. Kitabu kilichoishi Mombasa kweli kina historia nyingine kabisa: vidoa vya kutu vya unyevu, mikwaruzo ya wadudu wanaokula gundi, pengine tundu la mchwa linalopita kurasa kadhaa mfululizo. Cha huyu hakina tundu hata moja, ilhali anasema kimekaa pwani kwa miaka.

Sasa sahihi. Ndani ya jalada kuna jina la Mayakovsky na chini yake la Lissitzky, yote mawili kwa kalamu ya biro, na nyuma ya ukurasa unaona mfereji wa kile kimpira cha ncha. Mayakovsky alifariki Aprili 1930. Lissitzky alifariki Moscow Desemba 1941. Kalamu za biro zilianza kuenea madukani katikati ya miaka ya 1940, baada ya wote wawili kuzikwa. Mhuri ulioandikwa Berlin nao ni wa raba, wino wake bado una ung'avu wa zambarau, na mihuri ya aina hiyo huchongwa mjini ukiwa unasubiri.

Bei ndiyo inayowatega wenye akili. Anataka shilingi 80,000, nusu yake kwanza kama arubuni. Nakala nzuri ya 1923 huuzwa kwa maelfu ya dola kwenye minada, kwa hiyo 80,000 inaonekana bahati iliyokuangukia. Lakini kwa nakala ya kuiga ni pesa nyingi kupindukia. Na nieleweke vizuri: nakala za kuiga si kitu kibaya. Ile ya mwaka 2000 iliyotolewa na MIT Press pamoja na juzuu za tafsiri na maelezo ni kazi ya heshima, na kwa kijana anayeanza ndiyo ningemshauri ainunue, aisome, aikunjue kila siku. Ubaya ni kuiuza kwa jina la kitabu kingine.

Yeye huyo huyo anauza pia kurasa moja moja za "Jazz", kitabu cha picha cha mchoraji Mfaransa Henri Matisse, zikiwa ndani ya fremu. "Jazz" ilitolewa Paris na mchapishaji Tériade mwaka 1947, nakala 250 za kitabu na majalada 100 ya picha peke yake bila maandishi, picha 20 zote zikipakwa rangi kwa vibao vilivyotobolewa. Rangi hiyo ni nzito, imelala juu ya karatasi bila nukta hata moja, na kingoni unaweza kuona ilipokomea. Za kwake zina nukta kila mahali. Mwambie aitoe kwenye fremu. Hatakubali.

Kwa wanaoishi mbali, Lamu au Malindi au Voi, anatumia njia ya tatu. Ukishatuma arubuni anakuambia kuna nakala bora zaidi inayokuja kutoka Ujerumani, imekwama Kilindini, inahitaji ushuru leo leo la sivyo itapigwa mnada. Ushuru wa forodha hulipwa kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa hati yenye namba yake ya malipo, haulipwi kwenye simu ya mtu. Ukitaka kutuma M-Pesa jina linalotokea ni la mwanamke. Anasema ni la shemeji yake. Mama mmoja wa Kisauni, mwalimu mstaafu aliyekuwa akimtafutia mwanawe zawadi ya kuhitimu, alilipa arubuni, akalipa ushuru, akalipa na "gharama ya ghala", na hadi leo hajapata hata karatasi.

Kama umetuma pesa muda mfupi uliopita, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenye namba 456 mara moja uombe muamala urudishwe. Ikiwa bado hazijatolewa kuna nafasi. Zikishatolewa njia hiyo imefungwa. Usifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanakuudhi kuyaona. Hifadhi picha alizotuma, sauti alizorekodi, majina yaliyotokea kwenye miamala, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukaandikishe na uchukue namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungo chake ni hadi miaka 3. Watu wawili wamekwisha kuandikisha. Wakifika wengine, na kona ile iliyokunjika na doa lile la ukurasa wa pili vikajirudia kwenye kila taarifa, itakuwa vigumu kwake kusema ni kutoelewana kwa kibiashara.

Na kama kitabu kiko kwako tayari, usikitupe wala usimuuzie mwingine ili urudishe pesa zako. Ni ushahidi. Kifunge kwenye karatasi safi, usiipanguse ile sahihi, na uniandikie. Nitakikagua bila malipo na kukuandikia nilichokiona ukurasa kwa ukurasa, ili upeleke polisi pamoja na taarifa yako.