Ripita yenye kwikwi: dupleksa ya laki tatu na mitungi minne ya mtumba

Mimi ni fundi wa redio kolo hapa Arusha. Kinachonilisha ni Land Cruiser za watalii: antena iliyong'olewa na tawi la mgunga, maiki iliyomwagiwa soda. Jioni naingia kwenye redio ya ridhaa, na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imebandikwa ukutani juu ya meza. Mwaka jana wenzangu wachache wakataka tuwe na ripita, kituo cha kilimani kinachopokea sauti na kuirusha tena papo hapo, kwenye bendi ya mita 2: kuingia megahezi 145.000, kutoka 145.600. Mashine mbili, risiva ya kupokea na transmita ya kurusha, zilikuwepo, antena tukaichangia. Ikabaki dupleksa, filta inayowezesha mashine hizo mbili kutumia antena moja, nami nikapewa jukumu la kuichagua, eti ndiye fundi.

Nikanunua ile ndogo. Wengi mmeiona: kisanduku bapa cheusi, skrubu sita juu, konekta tatu, kinaagizwa mtandaoni na hakizidi sana laki tatu pamoja na usafiri. Karatasi yake ilisema megahezi 136 hadi 174, wati 50, utengano (kiasi ambacho upande mmoja unazuiwa usiingie mwingine) desibeli 75. Nikaona tumemaliza kazi.

Siku ya kuipandisha kilimani nilimpigia simu mzee mmoja wa Usa River, mwenzetu mwenye redio ya mkononi.

"Mzee shikamoo, hebu tuite kupitia ripita."

Ripita ikafunguka, nikasikia silabi moja ya sauti yake, ikafa. Ikafunguka tena, ikafa. Pa, pa, pa, pa, kwa kasi ile ile, mpaka alipoachia kitufe. Halafu akanipigia simu.

"Fundi, hiyo ripita yenu ina kwikwi."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Transmita yetu inatoa wati 25 na risiva inatakiwa isikie robo ya maikrovolti, zote kwenye antena moja kwa wakati mmoja. Tofauti yake ni kama desibeli 163, na kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu. Mzee akibonyeza, risiva inamsikia na transmita inawaka. Transmita ikiwaka risiva inaziba masikio na kumpoteza mzee. Mzee akipotea transmita inazimika, na risiva inamsikia tena. Dupleksa ipo ili kukata mzunguko huo, na ina kazi mbili, si moja. Upande wa risiva izuie mawimbi makali ya 145.600. Upande wa transmita izuie ule mchakacho mdogo ambao kila transmita huumwaga pembeni, ukiwemo unaoangukia 145.000 penyewe. Huo wa pili ukishafika kwenye antena hakuna filta ya risiva itakayouondoa, maana umekaa juu ya masafa yale yale unayotaka kuyasikia.

Nikakirudisha kisanduku mezani nikakisoma upya. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi za sisimizi: utengano huo ni kwa nafasi ya megahezi 5 kati ya kuingia na kutoka. Yetu ni 0.6. Karatasi haikudanganya, ni mimi sikuisoma mpaka mwisho. Nilikaa nacho jioni tatu na bisibisi, na kilichopatikana ni desibeli 40 na kidogo, huku upotevu wa njia ya kutoka ukifika desibeli 4. Maana yake, katika wati 25 zinazoingia, zinazofika kwenye antena ni 10. Nyingine zinarudi kwenye mashine, nyingine zinakipasha kisanduku mpaka kinakuwa na joto la kikombe cha chai. Kwa nafasi ya kilohezi 600 unahitaji desibeli 80 na zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Kisanduku hiki ni cha kuchimba shimo tu: kinazuia masafa mawili uliyokichagulia, mengine yote yanapita kama mlango hauna komeo. Kilima chetu kina mnara wa redio ya FM umbali wa hatua chache, na mawimbi yake makali yanapita moja kwa moja hadi kwenye risiva. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, inua kichwa uangalie majirani zako wa mnarani.

Tukachanga tena, kwa manung'uniko, tukanunua mitungi, yaani dupleksa kubwa ambayo filta zake ni mitungi. Ni Sinclair ya Kanada, minne, iliyoshushwa kwenye mnara wa watu waliohamia mfumo mwingine. Bei yake ilikuwa mara tano ya kisanduku, na haiingii kwenye buti ya gari dogo. Ukubwa huo si mbwembwe. Robo ya wimbi la megahezi 145 ni kama sentimeta 52, na mtungi lazima uubebe urefu huo. Unene wake ndio unaofanya shimo liwe jembamba na la kina. Kila mtungi unapitisha masafa yake na kuzuia ya mwenzake, hivyo na jirani wa FM anapunguzwa makali. Fimbo ya ndani, inayoweka masafa ya mtungi, ni ya invar, aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka ovyo kwa joto, na kilimani kwetu asubuhi unavaa koti, mchana unatafuta kivuli.

Mtumba lakini ni mtumba. Muuzaji alikuwa amekata kebo moja inayounganisha mitungi, nami nikaiziba na kipande cha RG-58, kebo nyembamba ya kawaida ya redio, kilichokuwa kwenye droo. Kwikwi ikarudi, safari hii ndogo, ya kuvizia. Kebo hizo urefu wake ni sehemu ya mahesabu, na RG-58 ina wavu mmoja tu, inavuja. Nikatengeneza nyingine ya RG-400, yenye wavu mara mbili, nikaikata kwa urefu wa wenzake, nikafunga konekta za N. Kimya.

Na usitegemee NanoVNA, kipimaji kidogo cha antena na filta, peke yake kwenye kuseti. Ninayo, naipenda, lakini uwezo wake wa kuona kwenda chini unaishia kama desibeli 70, na chini ya hapo unatazama vumbi lake yenyewe. Njia za kupitisha niliseti kwayo. Mashimo niliyamalizia kwa sikio, kwa kuingiza mawimbi makali na kusikiliza risiva mpaka sauti inazama kabisa. Halafu kaza nati ya fimbo taratibu huku ukiendelea kusikiliza. Nati ikikazwa robo ya mzunguko shimo linahama, na usipolifuata utashuka kilimani ukidhani umemaliza.

Kwa sasa upotevu ni desibeli 1.5, wati 25 zinatoka zikiwa karibu 18, na nikichomeka mawimbi hafifu kwenye risiva sioni tofauti transmita ikiwaka au ikizimwa. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko karatasi yoyote.

Kisanduku je? Sikukitupa. Nina mteja wa magari ya watalii ambaye ripita yake ya VHF ina nafasi ya megahezi 5 kati ya kuingia na kutoka. Nikakiseti upya kwa masafa yake, dakika arobaini tu, kikakaa kama kilizaliwa hapo: upotevu mdogo, utengano wa desibeli 70 na kitu. Mnara ule hauna jirani wa FM. Magari yake yanaongea tangu msimu uliopita na hajanipigia simu hata mara moja. Kwa kazi hiyo nakipa alama zote. Kwa mita 2 yenye kilohezi 600, sikipi hata moja, na mwenzangu anayetaka bei ndogo namwambia aende bendi ya sentimeta 70, achague nafasi pana kama megahezi 7.6 wanayotumia Wajerumani, anunue kisanduku cha UHF alale usingizi.

Mzee wa Usa River sasa anaingia vizuri hata akiwa ndani ya nyumba. Malalamiko yake ya wiki hii ni kwamba mlio wa mwisho wa ripita unamuamsha mjukuu.