Zenodo kwa data za utafiti: nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Data za utafiti wangu wa kwanza zilikaa kwenye tovuti ya mradi. Hela za mradi zikaisha, tovuti ikafa, data zikaenda nayo, na linki niliyoiweka kwenye makala mpaka leo ipo pale, ukiibonyeza hupati kitu. Iliniuma sana. Safari hii nikaenda Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya data za utafiti.

Iko chini ya CERN kule Geneva, wale wa fizikia, ilianza 2013 pamoja na OpenAIRE, mradi wa Ulaya wa sayansi huria, ila taaluma yoyote inapokelewa na hulipi kitu. Rekodi moja inabeba mpaka GB 50 na faili 100, mimi nilikuwa na vifaili vya CSV (majedwali ya maandishi matupu) kibao ikabidi nivifunge kwenye zip moja, sio mbaya maana mtu anaona vilivyomo kabla ya kudanlodi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni matoleo. Ukichapisha unapewa DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi yako mtandaoni, mimi baadae nikagundua safu moja vipimo vyake vingine viliingizwa kwa mita na vingine kwa sentimita, nikarekebisha nikatoa toleo jipya, nalo likapata DOI yake, lile la zamani linabaki vilevile, halafu kuna DOI moja ya jumla inayompeleka mtu kwenye toleo la mwisho. Yaani aliyetumia namba zangu za mwanzo anaweza kurudi akaona alitumia zipi hasa, huo ndo uaminifu ninaoutaka kwenye sayansi! DOI unaweza hata kuishika mapema ukaiandika kwenye makala kabla rekodi haijatoka.

Tatizo ni kwamba hakuna anayekukagulia ulichoweka. Nimekutana na rekodi ya mtu, safu zinaitwa v1, v2, v3, hakuna maelezo popote, data ziko salama kabisa lakini zinamfaa nani? README yangu, yaani faili la kueleza data, ilinila siku mbili nzima, kila safu, kila kipimo, nafasi iliyo wazi inamaanisha nini, na sijutii.

Na kama data zako ni za watu, faili unaweza kuzifunga zikaombwa kwanza, maelezo yakabaki wazi, lakini majina na namba za simu zitoe kwenye kompyuta yako kabla hujapakia chochote.