Dawa ya matone ya viroboto kwa paka: nilianza na ya mbwa, nikakoma

Nianze na kosa langu maana ndo lililonileta kwenye hii dawa ninayoisifia, matone ya fipronili. Paka wangu anaitwa Pilau, dume, kilo 3 na kitu, analala kitandani kwangu (najua, najua), sasa masika yalipoingia hapa Tanga viroboto walimjaa mpaka na mimi naamka na vipele miguuni. Bi mkubwa akasema mpake mafuta ya taa kama zamani, nikagoma, paka anajilamba mwili mzima, ukimpaka kitu ni sawa na umemnywesha. Nikajiona mjanja nikaenda duka la dawa za mifugo, kaka wa pale akanambia ya paka imeisha ila chukua hii ya mbwa mdogo, weka nusu tu, dawa ni ileile.

Si ileile jamani!

Niliweka saa 2 usiku, saa 5 namkuta Pilau masikio yanamcheza, ngozi ya mgongo inarukaruka, mate yanamtoka, akisimama miguu inatetemeka kama kapiga gongo. Nikampigia daktari wa mifugo, swali lake la kwanza likawa boksi limeandikwa nini. Nikamsomea, permethrini, yaani ile sumu ya kuua wadudu iliyomo kwenye matone ya mbwa. Akasema muogeshe sasa hivi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji vuguvugu yasiwe ya moto, mkaushe mzungushie taulo umlete. Akachomwa sindano ya kutuliza ile mitetemo, akalala hapo hadi kesho yake jioni. Kumbe ini la paka haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa, na haya matone ya mbwa ni makali mno, kwa hiyo hiyo habari ya nusu haipo. Hata mbwa wako akiwekewa leo halafu paka akaenda kumlalia anaweza kudhurika. Ile gharama ya usiku mmoja ingeninunulia dawa ya mwaka mzima, acha tu.

Alipopona kabisa daktari akanipa matone ya fipronili, yale yenye picha ya paka kwenye boksi, kipipeti (kile kichupa kidogo cha kuminya) cha nusu mili. Unatenganisha manyoya nyuma ya shingo, karibu na mabega asipofika kwa ulimi, unaminyia kwenye ngozi sio kwenye nywele, na humuogeshi kama siku 2 kabla na 2 baada. Ndani ya siku moja nikawa naokota viroboto waliokufa kwenye shuka. Pilau hakutetemeka wala hakugoma kula, mi ndo sikulala usiku ule, namchungulia kila saa.

Wiki ya pili nikaona tena viroboto, nikajua nimepigwa. Daktari akacheka, akasema unaowaona kwa paka ni wachache, jike moja linataga mayai hadi 40 kwa siku na yanadondokea kwenye mkeka, kwenye kochi, uvunguni. Yakianguliwa, hao watoto wa viroboto wakishajifunga kwenye vifuko vyao hata dawa haiwapati vizuri, wanakaa humo wiki au miezi wakisubiri mtu apite. Hao wapya wanamrukia paka halafu wanakufa. Basi nikafua kila kitu kwa maji ya moto, godoro juani, uvungu nafagia kila siku mpaka mgongo unauma, na matone kila mwezi. Mwezi wa tatu ndo nimetulia kweli.

Vitu viwili boksi halikunisaidia. Kwanza haigusi minyoo, Pilau alikuwa anadondosha vipunje kama mchele chini ya mkia, ni tegu anayetokana na kumeza viroboto, hiyo ikabidi anywe dawa yake peke yake. Pili umri, kwamba paka asiwe chini ya wiki 8 imeandikwa kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Vitoto vichanga ni chanuo la meno ya karibukaribu na bakuli la maji ya sabuni basi. Na mwenye sungura nyumbani aiweke mbali kabisa nao hii, fipronili inawaua.

Nyota 4 kwa 5. Moja nimekata kwa hizo herufi, na kwa bei, 15,000 kipipeti kimoja sio mchezo kwa mwenye paka watatu kama dada yangu.