Upanga wako wa kwanza wa kale wa Kijapani: uanze na upi, uache upi

Mtu akianza kupenda panga za Kijapani, anachotaka kwanza ni katana ndefu, yenye sahihi ya mhunzi maarufu, kwa bei anayoimudu. Vitu hivyo vitatu havikai pamoja. Ukiviona pamoja kwenye tangazo moja, ujue kimoja ni cha uongo, na mara nyingi ni hiyo sahihi ya mhunzi. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: fedha yako ya kwanza nunulia chuma kizima kilichonolewa vizuri kiasi cha kuonyesha kazi ya aliyekifua. Jina na urefu vije baadaye. Upanga mfupi wenye afya utakufundisha jicho kwa miaka, lakini mrefu uliochoka haukufundishi chochote, hata uwe wa karne ya 14.

Kuna maneno machache ya Kijapani ambayo kila muuzaji anayatumia, kwa hiyo yazoee mapema. Hamon ni ule mstari mweupe unaofuata makali, uliotokea pale mhunzi alipoupaka upanga udongo, akauchoma moto, kisha akautosa majini. Hada ni mistari ya ndani ya chuma iliyotokana na kukikunja na kukifua tena na tena. Nakago ni sehemu inayoingia ndani ya mpini, na hapo ndipo sahihi inapochongwa. Shirasaya ni ala ya mbao tupu, isiyopakwa rangi, ya kuhifadhia upanga nyumbani. Urefu hupimwa kwa shaku, ambayo ni sentimita 30.3: chini ya shaku moja ni tanto, kati ya moja na mbili ni wakizashi, kuanzia mbili kwenda juu ni katana. Panga za kabla ya mwaka 1596 huitwa koto, zinafuata shinto mpaka karibu 1780, halafu shinshinto mpaka 1876, mwaka ambao serikali ya Meiji ilipiga marufuku kutembea na upanga kiunoni.

Nafasi ya kwanza: wakizashi ya shinto yenye hati ya Hozon

Hii ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza, na sababu yake iko kwenye historia. (Hozon ni hati ya uthibitisho, nitaieleza chini.) Zama za Edo (1603 hadi 1868, ukoo wa Tokugawa ulipotawala Japani), katana ilikuwa haki ya samurai. Mfanyabiashara hakuruhusiwa kuivaa, lakini wakizashi aliruhusiwa. Matajiri wa Osaka walikuwa na fedha nyingi na pengine walimzidi samurai mwenyewe, wakaagiza wakizashi kwa wahunzi bora wa mji wao na kulipia kazi ya hali ya juu. Ndiyo maana wakizashi nyingi za karne ya 17 zina hamon pana, yenye mawimbi, iliyofanywa kwa uangalifu uleule wa katana.

Soko la leo bado linalipia urefu. Kwa hiyo wakizashi ya mhunzi fulani huuzwa nusu ya bei ya katana yake, na wakati mwingine chini ya hapo, ilhali chuma ni kilekile na mkono ni uleule. Kwa wauzaji wa Japani na Marekani, wakizashi yenye hati na iliyonolewa vizuri hupatikana kwa takriban dola 1,500 hadi 3,500. Ukitaka mahali pa kuanzia kutafuta, angalia wahunzi wa Hizen, kisiwa cha Kyushu, waliotoka kwenye ukoo na shule ya Tadayoshi. Hada yao ni laini na yenye chembe ndogo sana, inatambulika hata na jicho changa, na vizazi vyao ni vingi kiasi kwamba si kila kazi ni ya bei ya kutisha. Jina la Tadayoshi wa kwanza usilitafute sasa. Tafuta wanafunzi na wahunzi wa pembeni wa shule hiyo.

Wapo watakaokuambia wakizashi si upanga "kamili". Wasikuvunje moyo. Ukiishika chini ya taa nzuri utaona kila kitu ambacho katana ingekuonyesha.

Nafasi ya pili: katana isiyo na sahihi, yenye hati

Kama moyo wako haupumui bila katana, basi nunua isiyo na sahihi. Nyingi kati ya hizi zilifupishwa zamani ili zilingane na mvao mpya, na kwa kuwa kifupishwacho ni upande wa nakago, sahihi ilikatwa ikaenda zake. Wataalamu huusoma mwili wa upanga wenyewe na kuutaja kwa shule au mhunzi. Hapo jina bandia halina pa kukaa. Andaa dola 4,000 mpaka 8,000, na usikubali iliyonolewa mara nyingi mpaka chuma cha ndani kikajitokeza kama mabaka butu, yasiyo na hada.

Katika kundi hili naongeza panga za Osafune, mkoa wa Bizen, za karne ya 16, zilizoandikwa Sukesada. Jina hilo lilitumiwa na wahunzi wengi sana wakati wa vita vya ndani, na panga zao nyingi zilifuliwa haraka kwa ajili ya askari. Sahihi fupi ya "Bishu Osafune Sukesada" kwa kawaida ni ya kazi hizo za haraka, na bei yake iwe hivyo. Ile inayotaja jina binafsi la mhunzi, mfano Yosozaemon no jo, ni daraja lingine kabisa, na muuzaji analijua hilo vizuri.

Nafasi ya tatu: kichwa cha mkuki au tanto

Kichwa cha mkuki, yari, ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumiliki kazi halisi ya mhunzi wa Edo. Wakusanyaji wengi wanazipita tu, kwa hiyo bei iko chini. Tanto ni nzuri mno lakini nzuri zake ni ghali, na za bandia ni nyingi.

Nafasi ya nne: upanga wa jeshi wenye chuma cha zamani ndani

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maofisa wa Japani walibeba panga za jeshi, na baadhi yao walichukua upanga wa ukoo na kuuvika mpini na ala ya kijeshi. Baada ya 1945 askari wa Marekani waliondoka nazo kwa wingi, ndiyo maana mpaka leo hutokea kwenye minada midogo ya Marekani. Ila zilizo nyingi zaidi ni showato: chuma cha kiwandani, kilichozimwa (yaani kutoswa kikiwa cha moto) kwenye mafuta, chenye muhuri wa ukaguzi kwenye nakago. Showato ni kumbukumbu ya vita, na sanaa ya upanga utaikosa humo. Zaidi ya hayo, sheria ya Japani haiiruhusu kusajiliwa. Mtu akikuambia showato yake inatoka Japani ikiwa na hati kamili za huko, funga mazungumzo. Nafasi hii waachie wanaoweza kuutazama upanga ana kwa ana, tena wakiwa na mtu anayejua.

Usiyoigusa kabisa

Jina kubwa, bila hati, mnada wa mtandaoni. Masamune, Kotetsu, Shinkai, Sukehiro: majina haya yalianza kughushiwa zamani sana, ikiwemo enzi za Edo zenyewe. Siku hizi kuna na panga mpya kabisa zilizotiwa kutu kwa dawa kwenye nakago na kuchorwa hamon kwa asidi. Bei ya kuanzia ikiwa dola 300 haina maana umebahatika.

Hati: soma kinachosema na kisichosema

Chama kinachoaminika zaidi kwa kukagua panga na kuzipa hati ni NBTHK cha Tokyo, kilichoanzishwa mwaka 1948, wakati ambapo panga zilikuwa zimekusanywa na majeshi ya Marekani na urithi mzima ulikuwa hatarini kuyeyushwa. Hati zake za sasa zina madaraja manne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Kwa anayeanza, Hozon inatosha kabisa. Inakuambia kwamba sahihi inakubalika, au kwamba upanga usio na sahihi umetajwa kwa shule fulani. Haikuambii kwamba upanga ni mzuri wa kutazama. Hati za zamani za chama hichohicho, zile za kabla ya 1982 zenye majina ya Kicho, hazitegemewi tena, hasa zikiambatana na jina kubwa. Zichukulie kama hazipo.

Hati ya Hozon ina picha ya nakago. Itumie. Weka picha na nakago yenyewe sambamba, uangalie matundu ya kijiti cha mpini, mabaka ya kutu, na kila mkato wa tindo kwenye herufi. Kuna watu wanachukua hati ya upanga mmoja wakaiuza na mwingine.

Jambo linalowachanganya wengi ni torokusho, kadi ya usajili inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa huko Japani. Kadi ile inataja urefu, mpindo, idadi ya matundu na sahihi kama ilivyoandikwa. Ni usajili wa silaha tu, haithibitishi kwamba sahihi ni ya kweli. Na upanga ukitoka Japani kihalali, kadi hurudishwa kwa wenyewe. Muuzaji aliyeko nje ya Japani akikuonyesha torokusho halisi, muulize upanga ulitokaje.

Ukiupata mkononi

Zima taa za chumba, bakiza balbu moja isiyo na kifuniko. Elekeza ncha kwenye balbu, kisha inua na shusha taratibu mpaka mwanga uanze kuteleza juu ya makali. Hamon ya kweli ina kina. Utaona chembe zinazong'aa moja moja, au ukungu mwembamba, na ndani yake vijistari vinavyotokea na kupotea kadiri unavyougeuza upanga. Iliyochorwa kwa asidi ni nyeupe tu kila upande, haina uhai.

Sasa fuata makali polepole, kutoka kwenye mpini mpaka nchani, ukitafuta hagire. Huu ni ufa mwembamba unaoikata hamon kwa upande, na kwenye picha za tangazo hauonekani. Hagire ni kifo cha upanga. Hautibiki, na thamani karibu yote inaondoka. Malengelenge ya chuma na nyufa ndogo zinazofuata hada ni madhaifu ya kawaida kwa upanga wa miaka 400, yanapunguza bei tu. Angalia pia kama hamon inakatika au kufifia karibu na mpini, kwa sababu upanga uliowahi kuungua ulipozimwa upya huacha dalili hapo. Ngome ya Osaka ilipoteketea mwaka 1615, panga maarufu zilizoungua humo zilizimwa upya na mhunzi Yasutsugu kwa amri ya ukoo wa Tokugawa. Hizo ni za makumbusho. Yako itahesabiwa kuwa na kasoro.

Nakago ya zamani ina kutu nyeusi-kahawia iliyotulia, haichafui kidole. Ya rangi ya chungwa ni ya juzi. Na usiisafishe kamwe, hata kwa kitambaa kikavu cha kusugua, maana umri wa upanga unasomeka kwenye kutu hiyo na ikiondoka hairudi.

Gharama ambazo tangazo halizitaji

Usinunue upanga wenye kutu ukisema utaunoa. Mnoaji aliyesomea kazi hii hutumia mawe tofauti kwa miezi, na katana moja inaweza kukugharimu dola 3,000 na zaidi, kabla ya shirasaya mpya. Fundi wa visu wa mtaani, msasa au mashine vitakula chuma ambacho hakuna awezaye kukirudisha. Kila kunolewa, hata kwa mikono bora, kunaupunguza upanga. Nunua uliokwisha kunolewa.

Upanga ukitoka Japani unahitaji kibali cha Wakala wa Mambo ya Utamaduni. Muuzaji mzoefu anakushughulikia, na huchukua wiki kadhaa. Panga zilizotangazwa hazina ya taifa au mali muhimu ya utamaduni haziruhusiwi kutoka.

Huko unakopokea, sheria ni yako kuifuatilia. Uingereza ilipiga marufuku panga zilizopinda zenye makali ya sentimita 50 na zaidi mwaka 2008, lakini za kabla ya 1954, au zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi, ziliachwa, kwa hiyo hati ya umri isafiri na mzigo. Kwenye forodha, kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 100 kina namba yake, 9706, na nchi nyingi hukitoza kodi tofauti na bidhaa mpya. Mwambie muuzaji aiandike kwenye fomu. Kama unapokelea Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Dubai, omba jibu la maandishi la forodha na polisi kabla hujalipa hata shilingi.

Kwa aliye pwani kuna adui mwingine, unyevu wa hewa wenye chumvi. Mafuta ya choji (mafuta ya upanga yenye karafuu) yapakwe membamba sana, yafutwe na kupakwa upya kila mwezi wakati wa masika. Upanga ulale kwenye shirasaya, makali yakiangalia juu, ndani ya kabati lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Mpe mgeni aushike kwa mpini, na umwombe asiongee akiwa ameinamia chuma, kwa sababu tone la mate au alama ya kidole kwa hali ya hewa ya Zanzibar vinaweza kuwa doa la kutu kabla ya wiki kuisha.