Kitabu cha kuzungumza na watoto: uzoefu wangu na Faber na Mazlish

How to Talk So Kids Will Listen & Listen So Kids Will Talk cha Adele Faber na Elaine Mazlish kilitoka Marekani mwaka 1980, na kati ya vitabu vya malezi nilivyosoma hiki ndicho ninachokirudia. Waandishi wake walikuwa wazazi waliopitia mafunzo ya mwanasaikolojia Haim Ginott, kwa hiyo nadharia ni chache na mifano ni mingi. Katuni zinaonyesha mzazi akikaripia, kisha mzazi yuleyule akisema jambo hilohilo kwa namna nyingine.

Anza na sura ya pili, ya kumfanya mtoto ashirikiane nawe. Ina mbinu tano: eleza unachokiona (“Taulo lenye maji liko kitandani”), toa taarifa (“Maziwa yakikaa nje huchacha”), sema neno moja, taja unavyojisikia, au andika kikaratasi. Neno moja ndilo linalozaa matunda haraka, ila wengi hulikosea. Liwe jina la kitu: “Viatu!” au “Mlango!” Ukisema “Vaa!” umeshatoa amri. Na waandishi wanatahadharisha usitumie jina la mtoto, maana akilisikia kila mara kwa sauti ya lawama, litageuka kuwa lawama lenyewe. Tahadhari hiyo pekee inatosha kukinunua.

Sura ya tatu, ya njia mbadala za adhabu, inahitaji kalamu na daftari. Kwanza zungumzeni hisia na mahitaji ya mtoto, kisha zako, tena kwa ufupi. Tafuteni suluhisho pamoja, andika kila wazo bila kulihukumu, mwisho chagueni yanayofaa na mpange nani atafanya nini. Inapoharibika, mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya hivi: mzazi ameanza na malalamiko yake, au mtoto amesema “nisioge kabisa” na mzazi akacheka au akakataa kuandika. Wazo hilo liandikwe. Litafutwa baadaye, na wewe pia utafutiwa lako. Msikae kikao hiki wakati mmoja wenu bado ana hasira, wala asubuhi gari la shule likiwa mlangoni.

Sura ya kwanza, ya hisia, ni nzuri lakini ndiyo ngumu kuitumia. Kumwambia mtoto anayelia “naona umevunjika moyo” kwa sauti ya kukariri kunamchukiza zaidi. Akiwa amefura, “mmh” na macho yaliyotulia juu yake vinatosha. Hisia ipe jina akishapoa. Kuhusu sifa, acha “hodari sana” utaje ulichokiona: vitabu vimerudishwa kabatini, sare imekunjwa.

Upungufu upo. Kiingereza chake ni chepesi, lakini nyumba zake nyingi ni za wazazi na watoto tu. Kwetu bibi, shangazi na dada wa kazi nao wanamlea mtoto, na kitabu hakisemi cha kufanya mmoja akitumia daftari na mwingine fimbo. Ninachoshauri ni kuwafundisha wote mbinu moja tu, ya neno moja, kwa sababu haimvunjii mtu mzima heshima na haihitaji asome lolote.

Kwa watoto wa miaka 4 hadi 12 nakipa nyota tano. Chini ya hapo, kikao cha daftari hakifai.