TAHADHARI: Fundi wa AC anayezunguka Kisumu akidai "gesi imeisha"

Watu wa Kisumu, hasa nyinyi wa Mamboleo, Milimani na Riat, tafadhali someni hii kabla hamjamfungulia geti fundi wa AC mliyempata kwa tangazo la mtandaoni. Mimi nimeliwa shilingi 14,500, na nusura nitoe 20,000 nyingine.

Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana na hawezi kujigeuza kitandani. Joto la Februari hapa mnalijua, hata usiku ukuta ukiugusa bado una moto. Ndiyo maana tulijinyima tukamwekea AC chumbani. Basi ikaanza kupuliza hewa vuguvugu. Rimoti inaonyesha 22, mashine ya ndani inapuliza vizuri tu, lakini shuka la mama limelowa jasho.

Fundi aliahidi kufika siku hiyo hiyo, na akafika. Kijana mstaarabu, akamwamkia mama kwa adabu. Tukaenda nyuma ya nyumba kwenye mashine ya nje, akaunganisha mpira wa geji ya kupimia gesi, mimi nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nikasikia fssss, ndefu, haikatiki. Nikamuuliza ni nini hicho. "Natoa hewa chafu, madam." Ilipokoma akanigeuzia geji, mshale umelala karibu na sifuri. "Jionee mwenyewe. Gesi yote imeisha."

Jamani, hiyo "hewa chafu" ndiyo ilikuwa gesi yangu. Aliimwaga mbele ya macho yangu kisha akaniuzia nyingine.

Aliyoweka ilitoka kwenye mtungi uliokwanguliwa maandishi. Hakuwa na mizani, alikuwa akishikashika bomba na kukadiria. Halafu akafanya jambo ambalo nililiona nikalipuuza: alipenyeza bisibisi ndefu kwenye wavu wa feni ya nje, akayasukuma mapanga yake. Feni ikashika mwendo, baada ya muda chumba kikapoa, mama akatabasamu, nikalipa. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lile aliloniambia.

Kesho yake joto lile lile. Nikampigia, akasema sasa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa, ataing'oa mashine ya nje aipeleke karakana, nitangulize 20,000 kwanza. Nilipomuuliza karakana iko wapi akakasirika. Hapo ndipo nilipomtafuta mzee mmoja anayetengeneza friji karibu na soko la Kibuye.

Mzee hakugusa geji. Aliwasha AC, akasubiri dakika tano, akasikiliza: mashine ya nje inanguruma lakini feni haizunguki. Akazima stima kwenye swichi kuu, akafungua kifuniko, akanionyesha kapasita. Kichwa chake kilikuwa kimevimba kama kopo la maziwa lililoharibika. Kapasita ndiyo inayoipa mota ya feni nguvu ya kuanza na kuendelea. Ikichoka, feni hubaki inanguruma tu, na ukiisukuma inaweza kushika kwa muda. Bila feni joto halitoki nje, na kompresa hujizima ili isiungue. Yule kijana alilijua tatizo tangu mwanzo, ndiyo maana akaja na bisibisi ndefu.

Kapasita mpya ilinigharimu shilingi 900 na kazi 1,500. Iliyoniuma ni gesi. Mzee alinisomea bati lililo ubavuni mwa mashine: gesi aina ya R410A, gramu 850. Akasema, "Binti yangu, sijui huyo alikuwekea nini, na gesi mbili hazichanganywi." Ikabidi aitoe yote na kuiingiza kwenye mtungi wake, avute hewa na unyevu kwa pampu, kisha apime gramu 850 kwa mizani. Shilingi 7,000 tena.

Lakini aliniambia neno moja ambalo nataka kila mwenye AC alishike. Gesi ya AC si kama ya kupikia. Haichomwi, haitumiki ikaisha, inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka yote. Ikipungua, basi kuna mahali inavuja, na fundi wa kweli atapaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta tundu kabla hajataja bei ya gesi. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuibia hata kama gesi yake ni halali.

Kabla hujamwita mtu, safisha chujio la ndani. Hakikisha rimoti iko kwenye alama ya barafu. Kama una gadi ya stima, kile kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme mbovu, ipe dakika chache, huchelewesha AC makusudi umeme unaporudi. Kisha nenda nje uangalie feni kama inazunguka, na kama mgongo wa mashine haujazibwa na vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Mashine iliyozibwa hivyo haipoozi, na dawa yake ni maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, stima ikiwa imezimwa. Ila kifuniko cha nyaya usikifungue wewe. Kapasita hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na inaweza kukurusha.

Fundi akija, mwambie akusomee aina ya gesi kwenye bati la mashine na kwenye mtungi wake, mkiwa pamoja. Akifungua geji na usikie ule mlio mrefu, mzuie hapo hapo. Mpira ukifungwa au kufunguliwa husikika kidogo tu, mara moja. Mashine ya nje isitoke nyumbani kwako bila risiti yenye jina, namba ya kitambulisho na namba ya mashine yenyewe.

Na kama amekwishakuwekea gesi ya mtungi usio na maandishi, zima AC hiyo leo, na umwambie fundi wa pili kabla hajafungua chochote au kuwasha moto wa kulehemu. Kuna matapeli wanaojaza gesi ya kupikia, na hiyo inawaka.